Migebuka Hutafutwaje Mwanzo wa Msimu?

Huenda mtu akauliza, "Sisi watu wa milimani, wenye migomba na maharage, mambo ya ziwani yatuhusu nini?" Jibu li katika vyungu vyetu. Dagaa tununuao sokoni, na mgebuka aliyekaushwa tumpikiaye mgeni, wote hupanda kwetu kutoka Ziwa Tanganyika. Tena vijana wengi wa nchi yetu hushuka huko kutafuta riziki, na wengi hushuka bila kujua ziwa lina tabia gani.

Mmoja wa vijana hao alikuwa mwanafunzi wetu zamani, mzaliwa wa upande wa Kibondo. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Kijana huyu alipopata habari kwamba ziwa litafunguliwa, aliuza mbuzi wake wanne, akashuka Kigoma, akaingia ubia na wenye mtumbwi: yeye anunue petroli, kisha wagawane samaki. Alidhani kwamba ziwa lililopumzika miezi mitatu litakuwa limejaa samaki kama ghala baada ya mavuno. Walitoka usiku wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, hata usiku wa sita. Kila asubuhi walirudi na samaki wa kitoweo tu. Petroli ikaisha, na fedha za mbuzi zikaisha pamoja nayo.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu wake ufukoni alimwambia, "Mwanangu, wewe wamtafuta mgebuka. Mtafute kwanza yule aliwaye na mgebuka."

Kijana akauliza, "Nimtafute wapi, mzee?"

Mzee akamjibu, "Utazame upepo, na maji, na mwezi. Mimi mbona sikutoka siku zote hizi?"

Maneno ya mzee huyo ndiyo tutakayoyaeleza hapa. Kwa ufupi ni haya: samaki mkubwa humfuata samaki mdogo, samaki mdogo hufuata chakula chake, chakula hufuata rutuba ya maji, na rutuba ya maji huletwa na upepo. Mtu aijuaye njia hii hapotezi mali yake kwa kubahatisha.

Ziwa lenyewe lilivyo

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, toka Burundi upande wa kaskazini hata Zambia upande wa kusini. Kina chake hufika mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia, ni Ziwa Baikal la Urusi tu lipitalo hili kwa kina. Nchi nne zinalimiliki: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia.

Mtu asikiapo habari za kina hicho hudhani kwamba samaki wako kila mahali, juu hata chini. Sivyo. Samaki hawawezi kuishi pasipo hewa, na hewa iliyomo ndani ya maji haifiki chini. Upande wa kaskazini hewa hiyo hukoma kwenye kina cha mita 100 hivi. Upande wa kusini hufika karibu mita 200. Chini ya hapo ni giza na maji yasiyo na hewa, wala hakuna samaki awezaye kukaa humo. Ziwa basi ni kama nyumba yenye ghorofa nyingi, ambayo wenyeji wake hukaa katika ghorofa ya juu peke yake.

Lakini katika ghorofa zile tupu za chini ndimo ilimo akiba. Kila kiumbe kinachokufa ziwani huzama na kuoza, na rutuba yake hubaki huko chini kama samadi iliyorundikwa shimoni. Juu kuna mwanga wa jua lakini rutuba ni haba. Chini kuna rutuba nyingi lakini mwanga hakuna. Mkulima ajua kwamba mmea wataka vyote viwili. Mimea ya ziwani, ambayo ni midogo mno hata haionekani kwa macho, nayo ni vivyo hivyo. Basi ni nani atakayeipandisha samadi ile?

Kazi ya upepo

Kazi hiyo hufanywa na upepo. Tangu mwezi wa Mei hata Septemba, wakati wa kiangazi chetu, upepo wa kusi huvuma kwa nguvu juu ya ziwa ukielekea kaskazini. Maji ya juu yana joto kuliko maji ya chini, na kwa hiyo ni mepesi, huelea juu yake. Tofauti ya joto si kubwa, nyuzi chache tu, lakini yatosha kuyatenga maji haya mawili yasichanganyike. Upepo huyasukuma maji ya joto kuelekea kaskazini, yakajikusanya huko na kuwa mazito kama blanketi lililokunjwa. Huko kusini blanketi huwa jembamba, na maji baridi yenye rutuba hupanda juu.

Upepo unapotulia, mara nyingi mwezi wa Septemba, maji ya joto hurudi kusini. Hapo mpaka wa maji baridi hupanda upande wa kaskazini, yaani upande wa Kigoma na Burundi. Kisha hushuka tena, ukapanda tena, ukitikisika polepole sana. Mtikisiko mmoja huchukua karibu majuma manne. Mtu aliye juu ya maji haoni neno. Uso wa ziwa waweza kuwa shwari kabisa, kumbe chini yake mawimbi makubwa yanapita.

Wanafunzi waweza kuliona jambo hili darasani. Chukueni chupa nyeupe yenye kifuniko. Tieni maji nusu, mkaweke na rangi kidogo, kisha jazeni mafuta ya kupikia juu yake, na kuifunga barabara. Ilazeni mezani mpaka itulie. Sasa inueni upande mmoja kidogo, halafu irudisheni taratibu. Mtaona mpaka wa maji na mafuta ukienda huku na huku polepole, hata baada ya mkono wenu kuacha kuitikisa. Mafuta ni mfano wa maji ya joto, na maji yenye rangi ni mfano wa maji baridi. Mkono wenu ndio upepo.

Toka rutuba hata mgebuka

Rutuba ikifika penye mwanga, mimea ile midogo huongezeka. Ndipo maji ya kaskazini hugeuka rangi, yakaacha ubuluu wake na kuelekea ukijani, hasa mwezi wa Oktoba na Novemba. Wadudu wadogo wa majini huila mimea hiyo. Dagaa huwala wadudu. Naye mgebuka huwala dagaa, kadhalika na uduvi wa ziwani.

Jambo hili halifanyiki kwa siku moja. Shamba lililotiwa samadi leo halitoi mahindi kesho. Hapa ndipo alipokosea kijana wetu kwanza. Katikati ya Agosti upepo wa kusi ulikuwa bado unavuma. Ziwa lilikuwa limefunguliwa kwa sheria, lakini upande ule ziwa lenyewe lilikuwa bado halijafungua ghala yake.

Mgebuka ni samaki wa maji mapana. Mwili wake ni mrefu na wa kung'aa kama fedha, nao hufika karibu nusu mita. Hutembea kwa makundi. Ana ndugu zake watatu walio wakubwa kuliko yeye, ambao watu wengi huwaita sangara. Wote wanne hawapatikani katika ziwa jingine lolote duniani.

Kosa la pili: mwezi

Mchana dagaa hukaa chini sana, huenda ni kwa kuwaogopa adui zao, maana katika mwanga huonekana upesi. Jua likichwa hupanda juu pamoja na wadudu wawalao. Wavuvi walijua jambo hili tangu zamani. Zamani waliwasha mienge ya kuni juu ya mitumbwi. Baadaye wakatumia karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri zinazopata nguvu zake kwa jua. Taa huwavuta dagaa wakajikusanya, na migebuka huja chini yao kuwala. Ndipo wavu huinuliwa toka chini, kati ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti.

Lakini taa hushinda gizani tu. Penye mbalamwezi ziwa lote hung'aa, na dagaa hawana sababu ya kuifuata taa moja. Kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadha wa kadha mwezi ukiwa mpevu, wakashona nyavu na kuziba mitumbwi. Sasa angalieni kalenda: mwaka 2024 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 19 Agosti, siku nne tu baada ya muda wa kufungwa kwisha. Kijana wetu aliichoma petroli yake yote katika usiku ulio mweupe kuliko usiku wote wa mwezi ule! Mwezi ulikuwa gizani tarehe 3 Septemba, na siku zile yeye hakuwa na fedha hata ya lita moja.

Hesabu hii ni rahisi. Mwezi mpevu huchomoza karibu na machweo, tuseme saa 12 1/2 jioni. Kila siku baada ya hapo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku ya tano utakuwa umechelewa dakika 250, yaani saa 4 na dakika 10. Basi utachomoza karibu saa 4 na dakika 40 usiku, na kabla ya hapo mvuvi amepata saa tatu za giza au zaidi. Mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kumfanyia baba yake hesabu hii, akamwokolea fedha.

Dalili za kutazama

Hata giza likiwepo na majira yakiwa mema, ziwa ni pana. Mvuvi hodari hutazama mambo haya kabla ya kushusha wavu.

Kwanza, rangi ya maji. Maji ya buluu na maangavu sana hupendeza macho, lakini mara nyingi ni kama shamba lililochoka. Pale yanapokutana maji maangavu na maji yenye ukijani ni mahali pa kujaribu, kwa maana chakula hukusanyika mpakani.

Pili, ndege. Jioni kabla ya giza, shakwe wakizunguka mahali pamoja na kujitupa majini, chini yao wako dagaa. Dagaa wasukumwao juu namna ile mara nyingi wana adui nyuma yao.

Tatu, kina. Wavuvi wa mshipi huushusha wenye ndoana nyingi, wakihesabu pima moja moja. Samaki wa kwanza akishika, huiweka alama pima ile, na wengine wote mtumboni hushusha kiasi kile kile. Asiyehesabu humpata samaki mmoja na kulipoteza kundi.

Nne, kumbukumbu. Yafaa mvuvi awe na daftari, aandike tarehe, hali ya mwezi, upepo ulikotoka, rangi ya maji, mahali, na idadi ya samaki. Wazee waliyaandika hayo moyoni. Kijana aliyekwenda shule hana udhuru.

Kwa sangara wakubwa, dalili ni nyingine. Baadhi yao hukaa karibu na miamba na miteremko ya chini ya maji, wakivizia kama chui, tena hutoka usiku kuwinda. Lakini samaki hawa wamepungua sana. Tangu miaka ya 1950, meli zenye nyavu kubwa zilipoanza kazi upande wa kaskazini, sangara wakubwa ndio waliotangulia kupungua. Watoto wao hukulia katika majani ya maji karibu na ufuko. Mtu avutaye kokoro penye majani hayo huwakusanya samaki walio kama kidole, ambao wangalikuwa sangara wa kubebwa na watu wawili. Vivyo hivyo kuhe: baba na mama huwalinda watoto wao pamoja juu ya kiota chao. Mvuvi akiwaona wamesimama mahali pamoja wasiondoke, awaache.

Hatari, na mabadiliko

Majira yale yale yaletayo samaki huleta hatari. Mwezi wa Oktoba na Novemba mvua huanza, na dhoruba huweza kushuka usiku kwa ghafula toka milimani. Usiku wa giza mvuvi hawezi kuliona wingu likija. Huona umeme kwanza. Akiona umeme, na azime taa, afunge wavu, aelekee pwani, hata kama dagaa wanachemka chini yake. Na kila mtu mtumboni awe na jaketi la kuokolea. Sisi watu wa milimani wengi wetu hatujui kuogelea, wala hapana aibu kulikiri hilo. Aibu ni kumwachia mama yako msiba.

Tena ziwa linabadilika. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wao, kwamba maji ya Tanganyika yameongezeka joto katika karne iliyopita, na kwamba kwa sababu hiyo kuchanganyika kwake kumepungua. Mmekwisha kuona katika chupa maana yake ni nini. Blanketi la juu likizidi joto huwa jepesi zaidi, na upepo hushindwa kulisukuma vema. Samadi hubaki shimoni, mimea hupungua, na njaa hupanda ngazi toka wadudu hata migebuka. Basi dalili za wazee zaweza kuchelewa, na samaki wakawa haba hata majira yakiwa mema. Hii ni sababu moja zaidi ya kuandika daftari, na ya kuliheshimu ziwa linapofungwa.

Sehemu yetu sisi wa milimani

Mto Ruchugi hupita katika nchi ya Kasulu, ukaingia Malagarasi karibu na Uvinza. Malagarasi nao huzunguka Kibondo, kisha hushuka kuingia ziwani kusini ya Ujiji. Udongo unaochukuliwa na mvua toka mashamba yetu hausimami njiani wote. Sehemu yake hufika ziwani, ukatia matope maji ya ufuko na kufunika mawe na majani wanamokulia samaki wadogo. Kwa hiyo mkulima wa Kasulu achimbaye matuta ya kukinga maji shambani huilinda rutuba yake, na papo hapo humlinda samaki atakayemla.

Na ninyi akina mama mfanyao biashara ya dagaa, ihesabuni miezi nanyi. Dagaa huwa wengi mwaloni katika majuma ya giza, na bei hushuka. Wakivuliwa Septemba, kabla ya mvua, hukauka barabara kwa jua. Wakivuliwa mvua ikisha kuanza, mara nyingi hulowa na kuvunda kabla ya kufika sokoni. Shika dagaa mmoja umvunje: aliyekauka hukatika kwa sauti; anayejikunja bado ana maji ndani yake.

Yule kijana wetu hakurudi nyumbani mara moja. Usiku wa giza wa Septemba alivuta nyavu za watu wengine kwa ujira, akaona kwa macho yake mitumbwi ikirudi mizito kwa samaki ambao angaliweza kuwapata yeye. Alituandikia barua, akasema kwamba mbuzi wanne ni karo kubwa kwa somo moja, ila amelielewa. Amenunua daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika tarehe ya mwezi mpevu ujao, na chini yake maneno haya: "Siku hizi nitashona wavu."